Duara Jeupe Mlangoni kwa Mama

Kijijini, kupitia Buswelu
3 Agosti 1997

Mdogo wangu Jonathan,

Salamu zikufikie huko Dar es Salaam, wewe na wifi yangu na watoto wenu. Sisi huku tunaamka na tunafanya kazi, kwa hiyo tuseme tu wazima. Shemeji yako Nkwabi anakusalimu. Ameuza pamba kwa mnunuzi binafsi aliyekuja na mizani yake mwenyewe, na tangu siku hiyo ukimtajia neno mizani anatoka nje. Binti yetu Evelina yuko darasa la saba, anangoja mtihani. Shuleni walimu tumebaki wachache, wengine wamekimbilia biashara ya sangara, na siwalaumu, maana hata mimi nikipita pale mwaloni, wanakopakulia samaki, huwa najiuliza.

Baada ya hayo, lililonifanya nishike kalamu ni mama.

Nilikuandikia mwaka jana kwamba anasahau sufuria motoni. Hayo yalikuwa mambo ya kuchekesha. Sasa kila alfajiri anachukua ufagio anakwenda kwa Luhaga, jirani yetu wa upande wa ziwani, anafagia ua wake. Wewe ulikuwa mdogo, lakini bila shaka unakumbuka kwamba pale alipojenga Luhaga ndipo ilipokuwa nyumba yetu, kabla ya Operesheni Vijiji ya mwaka sabini na nne kutuhamishia huku barabarani. Mama hajahama. Kichwani mwake yale ni makazi yake, sisi ndio wageni. Juzi alimwambia mke wa Luhaga, "Wewe binti, nani amekuruhusu kuanika dagaa uani kwangu?" Kisha akaanza kuchimba chini ya ukuta wa ghala kwa kijiti, anasema anatafuta mahali alipozika vitovu vyetu, mimi na wewe.

Mwanzoni walicheka. Jumapili hawakucheka. Mwanamke mzee, macho mekundu kwa moshi wa miaka yote, anachimba ukutani kwa mtu kabla jua halijatoka: wewe ni mtoto wa huku, sihitaji kukueleza.

Nkwabi hawezi kumsemea mkwewe, ni aibu. Mimi nikienda nitapewa kiti na maziwa, na hakuna nitakalosema litakalohesabika. Mambo ya boma kwa boma yanasemwa na mtoto wa kiume. Njoo, Jonathan. Siku mbili zinatosha. Kaa na Luhaga, mweleze, mwombe radhi kwa mdomo wako.

Dada yako,
Modesta


Dar es Salaam
29 Agosti 1997

Dada Modesta, shikamoo.

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara nyingi. Wifi yako anakusalimu sana. Watoto wako shuleni, yule mdogo alipata surua lakini imepita. Mpe shemeji pole ya mizani.

Dada, yaliyompata mama yana jina. Ni ugonjwa wa ubongo wa uzeeni, kumbukumbu zinakufa kuanzia za karibuni na kubaki za zamani. Si uzee mbaya, na si lile neno ambalo wewe hukuliandika na mimi sitaliandika. Na nina habari njema ambayo nilitaka nikupe nikiwa nimekaa mbele yako. Serikali inaandaa mpango wa wazee wa namna hii, wa kwanza nchini. Utakuwa na sehemu tatu: utafiti, ili tujue ni wangapi na wako wapi; matunzo; na msaada kwa familia zinazowalea, yaani watu kama wewe. Mimi ndiye katibu wa kamati. Nilipousoma mswada wa sehemu ya tatu nilikuona wewe kabisa.

Ndiyo sababu siwezi kuja mwezi huu. Vikao vinafuatana, wafadhili wako hapa, na mtu akikosekana nafasi yake inaliwa. Lakini msaada utafika kwenu mapema kuliko unavyofikiri, na utakuwa na nguvu kuliko maneno yangu kwa Luhaga. Vumilia kidogo. Wakati huo mfungie mama mlango alfajiri, kwa upole.

Mdogo wako,
Jonathan


Kijijini, kupitia Buswelu
10 Oktoba 1997

Mdogo wangu Jonathan,

Marahaba. Kumbe umekuwa mkubwa hivyo! Gari lako limefika. Jeupe, lina antena, na wauguzi wawili na dereva mmoja aliyekula nusu ya kuku wangu. Tumefurahi. Mwambie wifi kwamba kijiji kizima kimejua sasa mtoto wa bibi Ng'washi ni nani.

Mama alivaa kanga yake mpya akaketi kwenye kiti cha Nkwabi. Muuguzi mwenye miwani akamuuliza, "Bibi, leo ni siku gani?" Mama akamjibu, "Una saa mkononi, unaniuliza mimi?" Akamuuliza kiongozi wa nchi ni nani. Mama akamwangalia sana, akasema, "Kwani amekutuma?" Nilicheka mpaka nikatoka nje. Wakaandika mambo yao, wakasema hali yake ndiyo hasa wanayoitafuta. Kisha dereva akachukua kopo la rangi nyeupe akachora duara juu ya mlango wa mama, kubwa kama sahani ya ugali, ili wakirudi na huduma wasipotee. Wamechora na kwa bibi Odeta, yule mjane anayekaa peke yake karibu na majabali, na kwa wazee wengine upande wa kisimani.

Nilisimama barabarani nikawaambia waliokuwa wanatazama: mama yangu ni mgonjwa wa serikali, anatibiwa na serikali. Nilisema kwa sauti, nilikuwa na furaha. Luhaga alikuwepo. Akamuuliza dereva maana ya duara. Dereva akasema, "Hapa kuna mzee ambaye akili zake zinatoka."

Luhaga akauliza, "Zikitoka, zinakwenda wapi?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Kitu kimoja. Dereva huyo aliniambia, wakati anakula, kwamba bwana Jonathan ndiye aliyeagiza waanzie kijiji hiki, na mlango wa kwanza uwe huu. Kwa nini hukuniambia? Ningepika kuku wawili. Na hiyo alama, ni nani aliyeibuni? Nauliza tu. Tangu waondoke, watu wanaokwenda mnadani wanasimama kidogo mbele ya mlango, kisha wanaendelea, na wengine wanapita upande wa pili wa barabara.

Bado nakusubiri kwa lile la Luhaga. Mama ameanza kulia nikimfungia. Mvua zimeanza, kubwa sana.

Dada yako,
Modesta


Dar es Salaam
2 Desemba 1997

Dada, shikamoo.

Sijui barua hii itafika lini. Maji yamechukua reli mahali pengi na posta wanasema magunia ya kanda ya ziwa yamelala Dodoma. Huku nyumba za mabondeni zimeingia maji. Sisi tuko salama. Evelina amemaliza mtihani? Shemeji Nkwabi je? Hukuniletea salamu zake.

Nimefurahi kwamba timu ilifanya kazi vizuri. Madereva wanaongea sana, usiwatilie maanani. Alama ni utaratibu wa kawaida wa utafiti, ipo katika nchi nyingi.

Duru ya pili itaanza mwezi Januari. Ndipo muuguzi atakuja kila mwezi, na nyinyi walezi mtakutana mfundishwe namna ya kuishi na mgonjwa bila kuchoka. Kwa sasa waeleze majirani maana ya alama. Wewe ni mwalimu, wanakuheshimu. Itisha mkutano mdogo, sema ni ugonjwa. Elimu ikifika hofu inaondoka, na hili ndilo nililoliandika kwenye utangulizi wa mpango wetu.

Kuja kwangu kumesogea mpaka barabara zikauke.

Mdogo wako,
Jonathan


Kijijini, kupitia Buswelu
20 Januari 1998

Jonathan,

Barua yako ya Desemba imefika jana ikiwa imelowa pembeni. Evelina amechaguliwa kwenda sekondari ya bweni, amekwisha kwenda, na hiyo ndiyo furaha pekee niliyo nayo ya kukuandikia.

Mjukuu wa Luhaga amekufa. Mtoto wa kiume, ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea. Mbu wamekuwa wengi baada ya mvua hizi, kila nyumba ina homa, na zahanati dawa zimekwisha. Alishikwa na degedege asubuhi, jioni hayupo. Mimi nilikwenda msibani. Wanawake walisogea nikakaa, lakini walisogea zaidi ya nafasi ninayohitaji.

Siku ya tatu Luhaga alikwenda kwa mfumu, mganga wa ramli, akachukua kifaranga. Unajua wanavyofanya, wanampasua wanasoma ndani yake. Mke wake mwenyewe ndiye aliyeniambia kisimani, bila kuniangalia. Mfumu hakutaja jina. Alisema, "Mnanisumbua bure. Nyumba hizo zinajulikana, hata serikali imeziwekea alama."

Nilikwenda nyumbani nikachukua kisu nikaukwangua ule mlango mpaka mbao ikatoka unga. Wiki iliyofuata wauguzi wako wakaja, wakamwangalia mama macho na mapigo ya moyo, wakaona alama haipo, wakanigombeza kwamba naharibu kazi ya kitaalamu. Dereva akapaka upya. Nilimwomba. Nilimshika mkono, Jonathan, mimi mwalimu wa watu, nikamwomba. Akasema si amri yake.

Mkutano niliitisha. Nilieleza ugonjwa kwa Kiswahili na kwa Kisukuma, ubongo, kumbukumbu, yote. Walinisikiliza hadi mwisho. Mzee mmoja akauliza: je, unaambukiza watoto wadogo? Nikasema hapana. Akasema, "Basi kwa nini wanaokufa ni watoto wadogo?"

Bibi Odeta tumemzika Jumanne.

Njoo. Sikuombi tena uzungumze na Luhaga, wakati huo umepita. Njoo utusaidie kumtoa mama hapa.

Modesta


Dar es Salaam
16 Februari 1998

Dada Modesta, shikamoo.

Nimeumia sana kwa habari za mjukuu wa Luhaga na za bibi Odeta. Bibi huyo alikuwa anatugawia miwa tukitoka shule. Aliugua nini? Naomba unijibu hili kwa sababu, mbali na huzuni, kadi yake hapa ofisini lazima ifungwe na iwe na sababu. Na shemeji Nkwabi? Ni barua ya pili namuulizia.

Nimelipeleka suala la hofu ya wanakijiji kwa wakubwa wangu. Wamenisikiliza. Wanashauri tusitoe tamko lolote mikoani kabla ya kikao cha wafadhili cha mwezi wa nne, kwa kuwa neno lile likiingia kwenye mpango, mpango wote utaonekana ni mambo ya ushirikina na wafadhili watajitoa. Usinielewe vibaya. Mpango huu ukifa, hautarudi tena katika maisha yetu, na wazee wa nchi nzima watabaki kama mama. Hilo nalifikiria kila siku.

Kuna jambo lingine linanisumbua na sina wa kumwambia hapa. Takwimu za duru ya pili zimekuja. Katika kijiji chetu wagonjwa wamepungua sana. Wageni walisimama kwenye jedwali hilo wakauliza jamii ile inafanya nini ambacho wengine hawafanyi. Watu wote wakaniangalia, mimi ndiye mwenyeji. Nikasema ni mshikamano wa familia. Wakaandika.

Dada, hao wengine wamekwenda wapi?

Nitakuja baada ya kikao.

Jonathan


Mirongo, Mwanza mjini
S.L.P. ya Bi Safia
11 Machi 1998

Jonathan,

Bibi Odeta hakuugua. Andika hivyo kwenye kadi yako.

Mzee Kashindye wa kisimani hakuugua. Dada yake amekimbilia Ukerewe kwa watoto wake, kama alifika. Wale wengine wa upande ule milango yao iko wazi na mbuzi wanaingia na kutoka. Hao ndio waliopungua. Sasa umejua walikokwenda, na naomba usiniulize tena kama vile hukuzaliwa huku.

Unamuulizia Nkwabi kila barua na mimi nimekuwa namruka kwa sababu nilikuwa naona aibu. Sungusungu, walinzi wa kijiji, walimwita mwezi wa kumi na moja. Wakampa kuchagua, mkwewe aondoke au boma lake litengwe. Kutengwa unakujua: hakuna wa kukupa moto, hakuna wa kukujibu salamu, ukifiwa unachimba kaburi peke yako. Nilidhani atanishauri tumpeleke mama mahali. Alichagua siku ileile, lakini alichagua kuondoka yeye. Yuko Geita kwenye dhahabu, ng'ombe wako kwa kaka yake. Tangu Evelina aende bwenini tumekuwa wanawake wawili na mlango wenye duara.

Alhamisi mchana alikuja mtu wa sungusungu, mmoja niliyemfundisha kusoma. Alisimama uani akasema, "Mwalimu, kesho usiwe nyumbani." Ndivyo alivyonilipa ada yake, na ninamshukuru. Jioni ileile nikamweka mama mbele kwenye lori la samaki, nikakaa nyuma juu ya barafu.

Tuko kwa Safia. Nilisoma naye chuo cha ualimu Butimba, kisha akaolewa na Mbaruku, fundi seremala wa hapa, ambaye sasa ni marehemu. Ametupa chumba cha uani bila kuuliza swali hata moja, na asiyeuliza swali siku hizi ni ndugu yangu. Mama anakula vizuri. Kila asubuhi anafagia ua wa Safia, na wapangaji wanamwambia asante bibi, ndiyo kwanza mtu amwambie asante kwa ufagio tangu mwaka jana. Anadhani hapa ni misheni alikosomea ukatekumeni kabla ya kubatizwa. Mwache adhani. Jana aliimba.

Shuleni nimeomba likizo bila malipo. Hakuna anayejua tulipo ila wewe. Usimwambie mtu. Usitume kitu. Gari lako lisije. Hilo tu.

Modesta


Dar es Salaam
2 Aprili 1998

Dada yangu mpendwa, shikamoo.

Nimelia kwa furaha ofisini, nikasema nina mafua. Mwambie Bi Safia kwamba deni langu kwake halina mwisho. Kwamba mama anaimba! Aliimba wimbo gani?

Sikuwa najua, dada. Au tuseme nilijua kwa namna mtu anavyojua kitu ambacho hajakigeukia kukitazama. Tutazungumza nikija, na nitakuja, kikao ni wiki ijayo.

Siri iko kwangu. Nimemwambia mtu mmoja tu, muuguzi mkuu wa timu ya Mwanza, mama mtu mzima na mcha Mungu, ili mama asikatike kwenye ufuatiliaji. Dawa za usingizi zimefika kwa wagonjwa wa kwanza na sikutaka akose haki yake kwa sababu amehama. Muuguzi ameahidi atalishughulikia yeye mwenyewe, kimyakimya.

Mdogo wako anayekupenda,
Jonathan


Mirongo
27 Aprili 1998

Jonathan,

Wamekuja.

Muuguzi wako mcha Mungu hakuwa na namba ya nyumba, kwa hiyo aliuliza. Aliuliza kwa muuza chai, akauliza kwenye mashine ya kusaga, akauliza kwa fundi viatu: nyumba yenye bibi kizee aliyeletwa kutoka kijijini, yule mwenye ugonjwa wa akili, jina lake Ng'washi. Gari likamfuata polepole. Walipofika mlangoni walikuwa na watu nyuma yao kama wanapeleka mahari.

Dereva akatoa kopo. Safia akamwambia, "Mlango huu aliuchonga marehemu Mbaruku kwa mkono wake. Ukiugusa, rangi hiyo utainywa." Wakaondoka bila kuchora. Lakini haikuwa na haja tena ya kuchora.

Chenge, mkwe wa Luhaga, ana meza ya dagaa hapa karibu na mto. Sikuwa najua. Alikuja baada ya gari kuondoka, akavua kofia. "Shikamoo mwalimu," akasema. "Kumbe mpo huku. Tulikuwa tunawaulizia nyumbani. Bibi hajambo?" Nikasema hajambo. Akasema, "Tumshukuru Mungu." Akanunua maandazi mawili kwa Safia akaenda zake, na jana meza yake haikufunguliwa, na leo haijafunguliwa.

Mpangaji wa chumba cha mbele, ambaye mtoto wake ana homa, ameniuliza kwa adabu kabisa kama bibi anaweza asifagie upande wao.

Sina hasira na wewe. Ningekuwa nayo ingenisaidia. Ulipoanzia mlango wa mama ulitaka awe wa kwanza kupata, nimelijua hilo tangu siku ya kuku. Unampenda mama. Lakini kila unachomfanyia kinamwonyesha kwa watu, na mama hatakiwi kuonekana.

Kwa hiyo sikuambii tunakwenda wapi. Safia hajui pia, usimsumbue. Tunaondoka mchana huu, mama anadhani tunakwenda mavunoni.

Nina ombi, na ni la mwisho. Hakikisha mama amekufa. Kwenye kadi yake andika amekufa kwa uzee, nyumbani, mikononi mwa binti yake. Lakini karatasi haitoshi, karatasi hazisomwi huku. Kaa matanga. Nyoa nywele. Waite watu wetu wote walioko Dar, wale wa chama cha kuzikana, maana kila mmoja wao ana ndugu kijijini na habari itafika kwa Luhaga kabla ya barua. Wakikuuliza kaburi liko wapi, sema Modesta alizika haraka kwa sababu ya mvua. Wifi asijue, watoto wasijue. Mtu anayejua halii vizuri.

Mtu aliyekwisha kufa hawamtafuti.

Modesta


Dar es Salaam
21 Mei 1998

Kwa dada Modesta, kwa mkono wa Bi Safia, kama atakuwa na njia

Shikamoo dada.

Nimefanya ulivyosema.

Nilimwambia mke wangu jioni tukiwa mezani, akapiga yowe, majirani wakaingia, na kuanzia hapo mambo yalijiendesha yenyewe. Tulitandika majamvi, tukafunga turubai. Watu wa chama walikuja wote. Nkwabi alipata habari huko Geita, akapiga simu ofisini kwetu kutoa pole. Watu wa kamati walikuja na basi dogo la ofisi, mkurugenzi akasema maneno mazuri kuhusu mama wa mwenzetu aliyetoa mchango katika utafiti.

Luhaga ameleta rambirambi kupitia kwa mtu wa chama. Ameagiza niambiwe kwamba mama yetu alikuwa jirani mwema, na kwamba ua wake ni mchafu tangu aondoke. Nilipokea kwa mikono miwili.

Kadi nimeifunga mwenyewe. Uzee, nyumbani, mikononi mwa binti yake.

Sasa nikueleze lililonipata wiki hii. Mpango umepitishwa. Wafadhili wameridhika na wanataka tuanze Shinyanga na Tabora mara mvua zikiisha. Nikasimama nikasema alama za milangoni zifutwe. Mwenyekiti akaniuliza, kwa sababu gani? Kijiji cha mfano ndicho kilichofanya vizuri, na kilikuwa na alama. Nilikuwa na majina yao yote mdomoni, Odeta, Kashindye. Lakini wangeleta wachunguzi, dada. Gari lingerudi kijijini na Mirongo, wangeuliza kila mlango mama wa katibu alikufaje na kaburi liko wapi. Nikisema ukweli wa alama, itanibidi niseme na ukweli wa mama. Nikasema ni maoni tu. Nikakaa. Wameagiza rangi.

Nilidhani ningekuwa naigiza pale msibani. Waliponinyoa nilianza kulia na sikuweza kuacha, wakanishika wanaume wawili. Sijui nilikuwa namlilia nani. Mvua bado ni kubwa kanda yote ya ziwa, mama ni mzee, na wewe hukuchukua hata blanketi, Safia ameniambia hivyo tu.

Kama amekufa kweli huko mliko, usiniandikie, nimekwisha kumlilia. Na kama yu hai, usiniandikie.

Mdogo wako,
Jonathan